Nani Atakaa Dirisha la Tatu?

9 Januari

Kinanda mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu wewe ni "eeh, eeh" tu, huku nasikia vidole vyako vinapapasa kinanda. Barua angalau itabidi ukae chini uisome.

Basi na mimi nimeletewa barua. Mwongozaji wa filamu ameniandikia rasmi, bahasha ya kahawia, mhuri na kila kitu. Anasema mchezo wetu wa Dirisha la Tatu unageuzwa filamu, na nyimbo zote zinabaki. Kwa kuwa wewe ndiye uliyezitunga na mimi ndiye niliyeziimba jukwaani tangu siku ya kwanza, anataka kujua ndoto zetu: kila nafasi tunamwona nani? Niliisoma nikiwa kazini, mapokezi kwa daktari wa meno, nikapiga kigelegele. Mgonjwa aliyekuwa kitini alifunga mdomo na vifaa vikiwa ndani.

Unakumbuka tulivyokuwa tunacheza "ingekuwa sinema"? Chumba cha kuvalia, feni mbovu, sisi tunajifuta rangi usoni huku tunagawana nafasi kama watu wenye filamu yao. Na sheria uliijua hata wewe uliyekuwa unajifanya huna habari. Kwenye nafasi yako mwenyewe hujitaji. Unataja kichekesho, mtu asiyefaa hata kwa dawa, halafu wenzako wanapiga kelele "Hapana!" na kukutaja wewe. Ukijitaja, unafua mavazi ya kikundi kizima. Na mwenzako akijiwekea kichekesho wewe ukanyamaza, unafua vilevile. Bonge masikini alifua mpaka vidole vikakunjamana, kwa sababu kila mara alikuwa anatafuna.

Nimejibu siku hiyohiyo. Mkuu wa Kituo nimempa Bonge, ambaye bado ni mnene na sasa anauza vioo. Abiria mlevi nimemwachia mwongozaji. Na Karani, yule anayeuza tiketi dirisha la tatu maisha yake yote na hajawahi kupanda treni hata moja, nimeandika: "Yule binti wa tangazo la sabuni." Yule anayefua shati kisha analichekea! Nilicheka peke yangu mpaka nikatoka machozi. Yule hawezi kuimba hata akibanwa kidole mlangoni.

Sasa ni zamu yako kupiga kelele. Sijawahi kukwambia waziwazi, nakwambia leo: naitaka nafasi hii, Kinanda. Tangu ukumbi wetu ulipofungwa na kugeuzwa ghala la magodoro, sijaitaka kitu kingine. Mtaani bado wananiita Karani. Nataka wanione ukutani, mkubwa kama nyumba, kabla goti langu halijakataa kabisa.

Dada yako


27 Januari

Shikamoo dada,

Barua nimeipata na nimekaa chini kuisoma, usinisingizie.

Karatasi yako ilimfikia mwongozaji. Amefurahi nayo mno, ameionyesha watu wote ofisini. Mambo ya nafasi bado yanaendelea, unajua watu wenye fedha zao wana maneno mengi, na mimi kule ni mtunzi tu, naketi pembeni nakunywa chai yao.

Nina ombi. Tunataka kanda ya kujifunzia, ili waigizaji wasikie mwendo wa nyimbo kabla ya mazoezi. Tafuta mtu mwenye mashine nzuri hapo mjini, uimbe zote. Za Karani zaidi, tena kwa moyo wote, kama vile ukumbi umejaa. Gharama watalipa wao.

Wifi yako anakusalimu. Watoto wamekua, yule mdogo ana sauti yako ya kugomba.

Mdogo wako,
Kinanda


15 Februari

Kinanda,

Marahaba. Kanda nimeituma. Nimerekodi kwa fundi wa redio wa nyuma ya soko, chumba kidogo kama kabati, ameegemeza magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Nikamuuliza ameyanunua wapi, akasema kwenye lile ghala. Kwa hiyo nimeimbia magodoro yaliyolala pale pale nilipokuwa nasimama. 

Wimbo wa mwisho nimeurudia mara nyingi. Fundi hakuwa na mhuri wa kugongea tiketi kama ule wa Karani, nikagonga bati la kuwekea chai, kwa sababu bila ule mlio siwezi kuingia. Ulipofika mstari wa "nipe na mimi tiketi ya kwenda tu", fundi alivua vile vya masikioni akakaa ananitazama tu. Hiyo ndiyo sifa niliyopata mwaka huu.

Sasa turudi kwenye yetu. Umejibu kila kitu isipokuwa kile nilichouliza. Ulipiga kelele, hukupiga? Mwongozaji alisemaje? Daktari nimeshamuaga, nimemwambia mwisho wa mwezi ujao naenda kucheza filamu. Ameshamwita mpwa wake aje ajifunze kazi, na huyo mpwa anaita wagonjwa kwa kunong'ona kana kwamba wanaibiwa. Majirani wameanza kuniuliza nitavaa nini. Bonge ameanza kujinyima chakula, na hilo si jambo la kawaida. Niambie tunasafiri lini, nikatengeneze nywele.

Dada yako


2 Machi

Shikamoo dada,

Kanda imefika. Walipoiwasha ofisini watu waliacha vikombe vyao mezani. Mwongozaji alitaka airudie, na mimi nikatoka nje kidogo, kwa sababu nilijikuta nipo tena kwenye kile chumba chenye feni mbovu.

Kuhusu daktari, ungesubiri kwanza. Filamu huchelewa, leo wanasema hivi, kesho vile. Usiache kazi kwa haraka. Kuhusu nywele pia, subiri.

Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi. Siku hizi nimebanwa kweli.

Kinanda


20 Machi

Shikamoo mama,

Hunifahamu, ila unanifahamu. Mimi ndiye yule binti wa tangazo la sabuni. Anwani yako nimeiomba kwa katibu wa ofisi ya filamu, naomba usikasirike.

Nimeona ni adabu nikushukuru kwa mkono wangu. Tangu nimeanza kazi hii watu hawajawahi kuniona kwa jambo lolote zaidi ya shati jeupe. Kisha siku moja naitwa, mwongozaji ananionyesha karatasi yako, umeniandika mimi kwenye nafasi ya Karani. Wewe, mwenye nafasi! Alisema walikuwa na wasiwasi, kwa kuwa mimi ni kijana na sijawahi kuimba, lakini walipomuuliza kaka yako mbele ya wote kama kweli umenitaka mimi, alisema, "Dada yangu anajua anachofanya." Basi wakapitisha palepale. Picha za mabango zimeshapigwa. Mama yangu amelia siku nzima.

Lakini mama, nina jambo linanisumbua, na sina mwingine wa kumwambia. Wameniambia nisihangaike kujifunza kuimba. Nyimbo zitakuwa sauti yako, ile ya kwenye kanda, na mimi nitachezesha midomo tu. Labda kwako ni sawa na mmeshakubaliana. Kwangu si sawa. Kwenye tangazo pia, lile neno "safi kabisa" si mimi ninayelisema, waliniwekea sauti ya mtu mwingine. Nilidhani safari hii nitafungua mdomo na kitoke kitu changu, hata kama ni kibovu.

Ningependa unifundishe, kama una nafasi. Nikikosea kukuandikia hivi, nisamehe.

Mwanao,
Binti wa Sabuni


28 Machi

Kinanda,

Usinipe shikamoo kwenye jibu lako, sitaitikia.

Nimepata barua kutoka kwa yule binti. Ananishukuru. Umenisikia? Ananishukuru, kwa heshima, kwa mwandiko mzuri, na kila shukrani yake ilikuwa inanipiga usoni. Nimeisoma mapokezi, mbele ya mpwa wa daktari, ikabidi niende kusimama kwenye chumba cha kuhifadhia pamba.

Kwa hiyo ulikuwemo. Nilikuwa najidanganya kwamba labda walikaa bila wewe, labda ulisafiri, labda uliugua. Kumbe ulikuwemo, tena ukaulizwa waziwazi, na mchezo unaujua, na sheria unaijua, na dada yako unamjua. Uliombwa neno moja tu. Hapana. Bonge angelisema huku anatafuna! Wewe ukasema najua ninachofanya.

Halafu ukanirudia na habari za kanda ya kujifunzia. Kumbe unanichuna sauti kama mtu anayechuna ngozi, sura unaitupa. "Imba kwa moyo wote, kama vile ukumbi umejaa." Nikaimba, mjinga mimi, nikagonga na bati.

Na hebu niambie, Karani kijana wa namna ile amekosa kusafiri tangu lini? Tangu wiki iliyopita? Ule wimbo ni wa mwanamke aliyewauzia watu tiketi mpaka watoto wao wakaja na watoto wao kununua tiketi. Wewe ndiye uliyeuandika! Uliuandika ukiwa umelala sebuleni kwangu, unakula chakula changu, unanitazama mimi narudi kazini nimechoka.

Kwa daktari nimeomba nisiondoke. Amesema mpwa wake abaki, ila nije asubuhi kufungua na kufagia. Majirani nimewaambia filamu imeahirishwa. Hilo ni la uongo, na nimelisema kwa ajili yako.

Nenda kwa mwongozaji ukamwambie ukweli. Sasa.

Dada yako, bado


10 Aprili

Dada,

Sikuamkii kwa kuwa umenikataza.

Nilikwenda. Mwongozaji alinisikiliza, akacheka, akasema ni kisa kizuri sana na lazima nikisimulie kwenye magazeti filamu ikitoka. Kisha akanionyesha mabango. Basi.

Nikueleze ilivyokuwa siku ile. Watu walikuwa wamevaa suti, vikombe vina visahani, kila mtu anafurahi. Mwenye fedha alikuwa ameishika karatasi yako juu na kusema, "Mnaona? Hata mwenyewe amemwona huyu!" Wiki nzima walikuwa wanagombana, na ghafla wamepatana, na wote wakanigeukia. Neno lilikuwa hapa kooni. Nikajiambia nikilisema sasa nitaonekana mtu wa kuvuruga, nitalisema kesho kwa utulivu. Kesho yake walikuwa wameshamwita binti. Ndiyo hivyo, dada. Sikununuliwa. Niliogopa kuharibu furaha ya watu nisiowajua.

Sauti yako niliipigania mimi. Walitaka kuleta mwimbaji wao, nikasema bila sauti ya dada yangu siwapi nyimbo. Hilo hulioni? Na niseme na mengine, kwa kuwa tumeshafika hapa: wewe ndiye uliyeandika. Nani anamfanyia mtu asiyemjua utani wa chumba cha kuvalia, kwenye karatasi rasmi? Yule mwongozaji angejuaje?

Nakuomba usiizuie kanda. Binti hana sauti. Akiimba yeye, nyimbo zangu zimekwisha.

Kinanda


18 Aprili

Mwanangu Binti wa Sabuni,

Marahaba. Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko inavyostahili heshima yako, unisamehe.

Nikueleze ukweli, kwa kuwa wewe uliniambia wako. Nilikuandika kwa utani. Kwenye kikundi chetu mtu hajitaji kwenye nafasi yake, anataja kichekesho, na wenzake wanapiga kelele "Hapana!" na kumtaja yeye. Wewe ulikuwa kichekesho changu. Kelele haikupigwa. Sina ugomvi na wewe hata kidogo, ila sitakudanganya kwamba nimefurahi. Usiku nikifumba macho nakuona umekaa kwenye kiti changu, na nakasirika upya.

Leo nimemwandikia mwongozaji. Niliambiwa kanda ile ni ya kujifunzia, na nimemjulisha kwamba itabaki kuwa ya kujifunzia. Sauti yangu haiendi mahali ambapo sura yangu haikukaribishwa. Mdogo wangu atanuna, anune, na mwimbaji wa kukodi alishamkataa mwenyewe. Kwa hiyo utaimba wewe, mwanangu. Usinishukuru, sijafanya kwa ajili yako peke yako.

Sikiliza sasa. Wimbo wa mwisho usiuanze kwa mdomo, uanze kwa mkono. Gonga mhuri mezani, kwa nguvu, kama mtu aliyechoka kugonga mihuri ya wenzake. Halafu vuta pumzi ya tumboni, si ya mabegani, mabega yakipanda umekwisha. Kisha mtafute mtu wa kiti cha mwisho kabisa, yule aliyeingia kwa tiketi rahisi, umwimbie yeye. Usiimbie kamera. Kamera haijawahi kukosa treni.

Noti ya juu ikikupasukia, iache ipasuke. Usiifiche. Nitumie kanda zako, nitakurekebisha. Nitakuwa mkali.

Karani wa zamani


6 Desemba

Shikamoo dada,

Barua zangu zote hukuzijibu. Na hii usipoijibu nitaelewa, ila lazima uisome.

Jana ilikuwa maonyesho ya kwanza. Ukumbi mkubwa, viti vyekundu, watu walewale wa suti na wengine zaidi yao. Nilikaa katikati na wifi yako. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu, kwa sababu tangu ulipoizuia kanda nilikuwa nakulaumu kwa kila mtu aliyetaka kunisikiliza.

Binti aliimba. Sauti ni nyembamba, dada, na kwenye wimbo wa kwanza nilitazama viatu vyangu. Lakini ule wa mwisho aligonga mhuri, kwa ule mkono wako, ninaujua, na bega halikupanda. Noti ya juu ikampasukia. Akaiacha. Mzee mmoja nyuma yangu akasema "loh" polepole. Nilikaa pale nikiona kila ulichomfundisha, na kila mahali ulipotakiwa kuwa wewe. Angekuwa amefanana nawe kidogo ningevumilia. Hakufanana nawe hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua.

Kisha yakaja majina. Watu wanapiga makofi, wanainuka, wanakumbatiana. Likaja neno "Karani", na jina lake mbele. Mimi nikasimama na kupiga kelele, "Hapana!"

Nilipiga kweli, dada, mpaka makofi yakakatika. Wifi yako alinivuta shati, likachanika kwapani. Nikarudia: "Hapana! Karani ni dada yangu!" Mwenye fedha alinitazama kana kwamba nimetapika kwenye zulia. Mwongozaji aliweka mkono usoni. Binti alikuwa safu ya mbele, akageuka, na nadhani katika ukumbi mzima ni yeye tu aliyeelewa. Mlinzi akaja kunishika mkono akanitoa, taratibu, kama mlevi. Nilikuwa nimekunywa soda.

Hawataniita tena kwenye kazi yoyote, wifi yako amesema, na nadhani anasema kweli. Ameacha kuongea na mimi tangu jana. Nyumbani kumekuwa kimya, nimepata nafasi ya kukuandikia.

Nilitakiwa kulisema mapema. Najua.

Mdogo wako,
Kinanda


19 Desemba

Kinanda,

Marahaba.

Umechelewa. Hapana ya baada ya filamu kwisha ni kama kumpa mgonjwa sindano ya ganzi wakati jino liko mezani. Usitegemee nikwambie yameisha, maana hayajaisha. Nagombana na wewe kichwani kila siku nikisugua masufuria, na wewe hujibu vizuri hata kule.

Filamu imefika huku. Nilikwenda na Bonge, ambaye naye hawakumwita, tukakata tiketi za viti vya nyuma kabisa, vya bei rahisi. Majirani walikuwepo, wakanigeukia kila baada ya muda kuona ninafanya uso gani. Sikufanya uso wowote. Alipogonga mhuri mkono wangu uligonga gotini wenyewe. Halafu akainua macho akatazama nyuma, nyuma kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa pale. Bonge anasema nililia kwa uzuri wa wimbo. Bonge hajui kitu. Nililia kwa hasira, kwa sababu mtoto amejifunza vizuri, na kwa sababu ningefanya vizuri zaidi.

Hilo la kutolewa ukumbini na mlinzi nimelisoma mara nyingi. Nimemsomea na daktari. Alicheka mpaka akaweka chini kile chuma chake.

Sasa sikiliza. Chini ya kitanda changu liko sanduku la mavazi, tangu tulipofunga jukwaa sijalifungua. Limo gauni la Karani, koti la Mkuu wa Kituo lenye jasho la Bonge la miaka yote, makoti ya abiria, soksi za kikundi kizima. Jana nimelifungua na paka amehama nyumba. Sheria unaijua. Mwenzako alijiwekea kichekesho, ukanyamaza.

Njoo ufue. Yote, kwa mkono, uani, majirani wakiona. Nitaweka kiti mlangoni nikutazame.

Sabuni ninayo.

Karani